Mdomo wa Nungunungu

Kyalo aliniletea mzigo wa baba yake Jumanne iliyopita, wiki mbili baada ya kumzika mzee kwao Machakos. Ulikuwa umefungwa kwa gazeti na kamba ya manila, na hata kabla hajaniambia kilichomo nilijua, kwa sababu miiba miwili ilikuwa imetoboa gazeti na kuchungulia nje. "Alisema, 'Mpe yule msichana wa sauti,'" Kyalo aliniambia. "Nikamwambia, Baba, huyo msichana siku hizi ana watoto wawili na mvi. Akasema, 'Wewe mpe tu.'" Tulicheka, halafu nikamwongezea chai ili nipate kitu cha kufanya na mikono. Alipoondoka niliuweka mzigo katikati ya meza, na hapo ndipo ulipo mpaka sasa. Sijaufungua. Nataka kwanza niuandike mwaka ule jinsi ulivyokuwa, maana nikimwona huyo mnyama nitalia, na mtu anayelia huandika uongo.

Watu wengi hapa Nairobi wananijua bila kunijua. Katika katuni za watoto mimi ndiye fisi, ndiye kifaru, ndiye nyanya mkali wa jirani, na mara moja nilikuwa trekta. Mkate wangu wote umetoka kooni mwangu. Mtu akiniuliza nilisomea wapi, huwa namtajia chuo fulani nilichohudhuria kwa miezi michache, kwa sababu jibu la kweli ni refu. Jibu la kweli ni nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tano, kule Tassia.

Nilimfahamu Kyalo kwa ugomvi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikiishi na mama mdogo ghorofa ya nne, nikingoja maisha yaanze. Kila asubuhi juu ya dari yetu kulikuwa na kitu kikilia cha-cha-cha, cha-cha-cha, hadi mama mdogo akajifunga leso kichwani na kujilaza. Nikapanda ngazi na hasira ya mtu mwenye haki. Nikagonga, nikasema kwa sauti yangu yote kwamba chini kuna mgonjwa, na kama wanatwanga kokoto basi wakatwangie Kariobangi. Aliyefungua mlango alikuwa kijana mrefu, mwembamba, ameshika fungu la njiti za mishikaki lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Huyo alikuwa Odi, fundi wa sauti. Hakuomba msamaha. Aligeuka akaita ndani, "Kyalo! Hebu kuja uskie hii sauti, manze!" Halafu akaniambia, "Siste, rudia hapo kwa kokoto."

Sauti yangu, ili tuelewane, ni nzito na ina mikwaruzo, na nikiimba hukatika katikati ya mstari, nikivuta pumzi mahali ambapo wenzangu hawavuti. Mdomo nao huenda upande wa kushoto. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwalimu wa kwaya yetu aliniita kando asubuhi ya mashindano, akaniambia kwa upole, "Nekesa, leo wewe fungua mdomo tu. Usitoe sauti." Nikasimama mstari wa pili na gauni langu la zambarau, nikafungua mdomo na kuufunga nyimbo tatu nzima. Tulishinda. Nilipiga makofi na wengine, lakini tangu siku hiyo sikuimba tena hata nikifua nguo. Nilikuwa nimeumia sana, na kibaya zaidi, nilikuwa nimeanza kuamini kwamba yule mwalimu alisema kweli.

Kilichokuwa kikilia cha-cha-cha kilikuwa miiba ya nungunungu, yaani zile njiti za Odi. Kyalo na Odi walikuwa wakitengeneza filamu ya katuni, yenye nyimbo, kutokana na hadithi ambayo nusu ya watoto wa mitaa ile walikuwa wakiijua kwa moyo. Aliyeitunga alikuwa Mwalimu Peninah, aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, na kwa kuwa vitabu havikutosha aliichapa mwenyewe kwa stensili na kuigawa karatasi kwa karatasi. Ilikuwa fupi. Wanyama wana ngoma yao kila baada ya mavuno, wanashikana mabega na kufanya duara, na nungunungu anaambiwa akae nje kwa sababu anachoma watu. Anakaa nyuma ya mawe, anaangalia. Siku moja mvua inanyesha, ngozi za ngoma zinalowa, ngoma zinakufa, na watu wanaanza kutawanyika. Nungunungu kule nje anatetemeka kwa baridi, miiba yake inagongana cha-cha-cha, na wacheza ngoma wanasikia mdundo. Mwishoni hawamnyoi miiba wala hawamwombi aikunje. Mwalimu aliimaliza kwa maneno mawili ambayo darasa zima liliyatamka kwa kelele kila aliposoma: "Wakapanua duara." Kyalo alikuwa mmoja wa darasa hilo. Alikwenda Umoja kumwomba ruhusa, na Mwalimu akaitoa kwa sharti moja, kwamba lazima aione filamu na kuipitisha kabla haijaonyeshwa hadharani.

Basi nikaanza kupanda ngazi kila siku. Kwanza nilipika, kisha nikafundishwa kutia rangi kwenye kompyuta. Chumba cha kazi kilikuwa na meza waliyoiunda kwa kioo cha dirisha na balbu chini yake, na kompyuta iliyonunuliwa Eastleigh ikiwa imeshatumika, ambayo kioo chake kilikuwa na mstari wa kijani upande mmoja, kwa hiyo wanyama wetu wa mwanzo wote walitoka na sikio la rangi isiyojulikana. Nyumba ya jirani ilikuwa karibu kiasi cha kuombana chumvi dirishani. Mchana tulikula chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, au ugali kwa omena, sahani magotini, mbali na meza. Odi alikuwa akienda Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, akirudi na njiti mpya za mishikaki kutoka kwa wachoma nyama na sauti za mbuzi kwenye kinasa sauti. Mbuzi wote mnaowasikia katika filamu ile ni wa Kiamaiko, na naomba radhi, hakuna hata mmoja aliyeishi kuiona.

Mzee Mutuku, baba yake Kyalo, alikuwa mchonga vinyago katika banda moja karibu na Majengo, na hakuipenda kazi yetu hata kidogo. "Nilimsomesha huyu," aliniambia siku ya kwanza, "akaja kuchora panya." Lakini Kyalo alishindwa kumchora nungunungu kwa nyuma na kwa juu, kwa sababu hakuwa amewahi kumwona, akamwomba baba yake amchongee mmoja wa kugeuzageuza mkononi. Mzee akamchonga kwa muhuhu, ule mti unaonukia, akamtoboa mgongo kwa waya wa moto na kumchomeka njiti za Odi mojamoja. Alikuwa mnyama wa ajabu. Ulimgeuza upande wowote akakuangalia kama anayejiuliza kama umemwalika. Kasoro ilikuwa moja tu, alikuwa amefunga mdomo. Kyalo akalalamika kwamba huyu ndiye anayeimba nyimbo zote. Mzee hata hakuinua macho. "Simba hufunguliwa mdomo, mamba hufunguliwa, kwa sababu mnunuzi anapenda meno. Hawa wengine hufungwa. Mdomo ukiuacha wazi, mti unapasuka hapo shavuni. Miaka arobaini sijamfungua mdomo mla majani, na sitaanza kwa sababu ya televisheni."

Hivyo mwili wa nungunungu ulitoka kwa Mzee, na mdomo ulitoka kwangu. Kyalo alinikalisha mbele yake, akaniambia niimbe mstari mmoja mara ishirini huku akinitazama na kuchora kwa kipanya mdomo mmoja baada ya mwingine, palepale kwenye kompyuta. Nilikataa siku tatu. Siku ya nne Odi alizima kila kitu, akasema, "Hapa hakuna kwaya, Nekesa. Ni sisi na mbuzi." Nikaimba. Mara ya kwanza nilitoa sauti ndogo ya kuazima, Kyalo akatikisa kichwa. Mara ya pili nikaiachilia ile yangu, na chini nikasikia mama mdogo akifungua dirisha kusikiliza. Odi alinirekodi, maiki ikiwa imevishwa soksi. Kyalo alisema rekodi hiyo ni ya kupima tu. Nililisikia neno "kupima" vizuri, nikalisahau makusudi. Kwa miezi mitano niliamka nikijua kwamba mahali fulani duniani kuna kiumbe anayehitaji sauti yangu jinsi ilivyo, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna hiyo tena.

Hapa lazima niseme kosa letu, kwa sababu mtu yeyote wa fani hii atatucheka. Katuni ya nyimbo huanza na sauti. Unarekodi kwanza, kisha picha inafuata sauti. Sisi tulichora kwanza. Kyalo alikuwa amekulia bandani, na bandani mnyama hukamilishwa kabla ya kupigwa msasa na kupakwa polishi. Yeye alidhani sauti ndiyo polishi.

Nilikuwa jikoni nikisonga ugali nilipowasikia. Mlango wa jikoni ulikuwa pazia tu. "Msee wa stesheni ya TV ameona sampo yetu," Kyalo alikuwa akisema. "Ameipenda. Lakini anataka sauti tamu, ya watoto." Odi akasema, "Na Nekesa?" Kyalo akashusha sauti. "Nekesa ni wetu, Odi, lakini jamaa ameniuliza mbona nungunungu anaimba kama makanga wa matatu." Odi hakucheka, na hilo ninamshukuru mpaka leo. "Sasa tutado nini?" "Kuna soloisti wa kwaya moja kubwa. Amekubali kuja." Niliendelea kusonga. Ugali ule ulikuwa mgumu hadi Odi akaniuliza kama nimetia simiti, nami nikamwambia ale anyamaze. Nilikuwa tena mstari wa pili, na gauni la zambarau, nimefungua mdomo.

Yule soloisti alikuwa dada mwenye adabu, na sauti yake ilikuwa safi kama maji ya chupa. Wangemleta mwenye kiburi ningepata wa kumchukia. Aliimba wimbo wa kwanza, ule wa nyuma ya mawe, Odi akauweka juu ya picha, na tukawaita watoto wa ploti, wa ghorofa zote, waje watazame. Dada alikuwa akipumua mwisho wa mstari, kama inavyotakiwa. Nungunungu alikuwa akipumua katikati, kama mimi. Mdomo ulijifunga sauti ikiendelea, ukapanuka sauti ikiwa imekwisha. Mtoto mmoja akasema, "Huyo anatafuna chingamu!" na chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Kyalo hakucheka. Baada ya watoto kuondoka alisema midomo yote itafutwa na kuchorwa upya kufuata sauti mpya. Na kwa kuwa kazi ya rangi ilikuwa yangu, kufuta kulikuwa kwangu.

Nilifuta. Sitajifanya shujaa. Asubuhi nilipanda ngazi, nikaketi mbele ya ule mstari wa kijani, nikafuta mdomo wangu picha kwa picha, na Kyalo akachora mwingine mzuri ulio katikati ya uso. Hakuweza kunitazama machoni, na mimi sikumpa nafasi. Wiki ya pili Mzee Mutuku alipita na mfuko wa maharagwe, akasimama nyuma ya kiti changu akiangalia. "Unafanya nini?" "Natoa mdomo, Mzee." "Nani amekutuma?" Nikamwonyesha kwa kidevu. Alimtazama mwanawe, akaweka maharagwe chini, akatoka bila kuaga. Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyuma yake, akipumzika kila ghorofa na kulaumu waliojenga, alikuwa Mwalimu Peninah.

"Karibu, Mwalimu," Kyalo alisema, na nikamwona mtu mzima amekuwa wa darasa la tatu. "Lakini bado hatujamaliza." "Nimeona," Mwalimu alisema. "Lete kiti." Alikuwa na mkoba mweusi na kalamu nyekundu sikioni, ingawa alikuwa amestaafu zamani. Ule wimbo wa nyuma ya mawe una beti mbili. Wa kwanza nilikuwa nimeshaufuta, ukawa na mdomo mpya na sauti ya dada. Wa pili sikuwa nimeufikia, kwa hiyo ulikuwa na mdomo wangu na ile rekodi ya soksi. Odi alizicheza zote mbili zikifuatana. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nimeshika pazia. Sauti ya dada ikapita, tamu. Halafu nikajisikia, na mikwaruzo yangu, na pumzi yangu ya katikati, na nikatamani sakafu ipasuke nishukie kwa mama mdogo.

Mwalimu akasema, "Ubeti wa kwanza anaimba mtu aliyealikwa kwenye ngoma. Wa pili anaimba mtu aliyeachwa nje. Kyalo, hadithi yangu inamhusu nani?" Kyalo akaanza kueleza habari za stesheni, na jinsi watu wengi watakavyoiona. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama alivyokuwa akisikiliza visingizio vya kazi ya nyumbani. "Nimekuuliza swali." Kyalo akainamisha kichwa. "Inamhusu aliyeachwa nje, Mwalimu." Ndipo Mzee Mutuku akaongea kutoka pembeni: "Mimi nilikuchongea miiba. Wewe umeipiga msasa." Mwalimu akageuka kwenye pazia. "Na mwenye hiyo sauti yuko wapi?" Nilitoka na mwiko mkononi. Alinitazama juu mpaka chini. "Unaitwa nani?" "Nekesa." "Nekesa, nani alikuambia ufute?" Nikaanza kulia, na nililia vibaya, kwa sauti hiyohiyo nzito, na Odi aliniambia baadaye kwamba mkono wake ulitaka kuwasha maiki.

Stesheni iliikataa. Lazima niliseme hilo pia, kwa sababu Kyalo alijua ingeikataa alipompigia yule mtu simu Jumatatu asubuhi, mbele yetu, na kusema nungunungu ana sauti tayari. Akakata simu, akaniambia, "Nisamehe, Nekesa," nami nikamwambia nitamsamehe akirudisha mdomo wangu, kwa maana midomo tuliyoifuta hatukuwa na nakala yake. Basi tukaanza upya, safari hii kwa utaratibu, sauti kwanza. Niliimba nyimbo zote siku mbili mfululizo. Kisha nikakaa tena mbele ya Kyalo, mstari mmoja mara ishirini, wiki tatu, akiuchora mdomo wangu mahali ulipokuwa, upande wa kushoto. Yule dada soloisti hakukasirika. "Mimi mwenyewe nilikuwa nakimbizana na huo mdomo," alisema, akakaa nasi akaimba sehemu ya kanga, na hakuna kanga aliyewahi kuimba vizuri vile.

Tuliionyesha Umoja, katika ukumbi wa mtaa, kwenye shuka mbili nyeupe za mama mdogo zilizoshonwa pamoja. Watoto walijaa sakafuni, na nyuma yao wakasimama mama na baba zao, waliokuwa darasani kwa Mwalimu. Nungunungu alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza nilijiandaa kwa kicheko. Hawakucheka. Mtoto mmoja mbele alisogea karibu na shuka. Mwishoni, kabla maandishi hayajatokea, ukumbi wote, wakubwa kwa wadogo, ukapiga kelele, "Wakapanua duara!" na Mwalimu Peninah, kwenye kiti chake, akaitoa ile kalamu nyekundu na kuchora alama ya vema hewani. Kazi zangu zote zimetoka kwenye jioni ile. Kila aliyeniita baadaye aliniita kwa sababu mtu fulani alikuwa amekaa sakafuni siku hiyo. Mzee Mutuku alinisubiri mlangoni na kofia mkononi. "Nimechonga wanyama miaka arobaini," aliniambia, "na sijapata kumsikia hata mmoja akitoa sauti. Leo nimesikia." Akavaa kofia, akaenda zake. Nilidhani hapo ndipo yaliishia kati yake na mimi.

Sasa nimeandika, nami nimekata kamba kwa kisu cha jikoni. Muhuhu bado unanukia. Njiti tatu zimevunjika, nyingine zimekuwa nyeusi kwa kushikwa. Nimemgeuza, akaniangalia kama zamani. Mdomo uko wazi. Umefunguliwa baadaye sana, kwa mkono uliokuwa umeanza kutetemeka, na alama za patasi zimeachwa vilevile bila msasa. Hauko katikati ya uso. Umekwenda kushoto.

Nimempigia Kyalo kumuuliza kama alijua. Amesema hakujua chochote, ila mwaka jana baba yake alimfukuza bandani siku nzima, akafunga mlango, na jioni alipotoka alikuwa anaimba. Nimemshika tena mnyama na kumsogeza kwenye mwanga wa dirisha. Shavuni, pale mdomo unapoishia, kuna ufa mwembamba unaoelekea sikioni. Alijua mti ungepasuka hapo. Akaufungua.